Homa ya mtoto wiki kadhaa baada ya Korona

Dada yangu, umeeleza kwamba mwanao wa miaka 7, aliyepona Korona mwezi uliopita, ana homa kwa siku ya nne, macho mekundu na maumivu ya tumbo, nawe unauliza kama uendelee kumpa parasetamoli nyumbani. Tafadhali mpeleke hospitali leo hii, hata kama kipimo cha malaria hakikuonyesha vimelea. Upo ugonjwa adimu, uliotolewa tahadhari Uingereza mwezi Aprili 2020, ambao hujitokeza wiki 2 hadi 6 baada ya maambukizi, kinga ya mwili inapopita kiasi na kusababisha uvimbe katika viungo vingi, moyo ukiwamo. Mweleze daktari waziwazi kuhusu Korona ile, kwa sababu bila taarifa hiyo dalili hizi hudhaniwa kwa urahisi kuwa taifodi. Watoto wengi hupona wakitibiwa mapema. Akilegea au akipumua kwa shida, usikae foleni.