Nukta zote hizo, ni za nani?

SWALI: Mwalimu habari yako. Mimi natengeneza simu hapa Luthuli Avenue, juzi nikingoja kasitoma aniletee pesa nikaona video ya ile mashine ya CERN, maabara ya fizikia kule Uswisi, ati mafungu ya protoni (chembe za ndani ya atomu) yanapishana mara milioni 40 kwa sekunde na kompyuta inachora njia ya kila chembe inayoruka kutoka hapo. Sasa chembe yenyewe haionekani, inaacha nukta tu, wanajuaje hii ni ya nani? Ama wanabahatisha?
Fundi, Nairobi

JIBU: Salama fundi. Wanabahatisha ndio, lakini kwa hesabu. Ile kamera ya simu unabadilisha kila siku si ndani ina silikoni yenye pikseli? Kule ni karibu kitu hicho hicho, matabaka ya silikoni yamezunguka pale zinagongana, chembe yenye chaji ikipita inaacha umeme kidogo kwa pikseli, hiyo ndio nukta. Halafu kuna sumaku, ile ya CMS, moja ya mitambo ya kunasa chembe huko, ina nguvu ya tesla 3.8 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), inapinda njia: chembe dhaifu inakunjwa sana, yenye nguvu inapita karibu imenyooka.

Shida ni wingi. Matabaka 3 yakiwa na nukta 1,000 kila moja, ukijaribu kuunganisha tatu tatu unapata michanganyiko bilioni 1, na mpishano mwingine unakuja baada ya nanosekunde 25! Mipishano mingi inatupwa hata kabla ya kuchorwa vizuri.

Sasa fikiria Gikomba mvua ikishanyesha, nyayo kila mahali kwa matope. Huwezi fuata zote, unachukua tatu zinazoonekana zimepangana, zinakuonyesha mtu alikuwa anakata kona wapi, unakisia ya nne iko wapi na unaangalia hapo tu, ukiipata unarekebisha kisio lako unasonga kwa ya tano, ukikosa kosa unaachana na huyo. Hesabu yake inaitwa kichujio cha Kalman, mhandisi Rudolf Kalman aliiandika 1960 na hakuwa anawaza chembe hata kidogo, ilitumika kuongoza vyombo vya Apollo kwenda mwezini.

Na bado wanadanganywa. Nyayo za watu watatu tofauti zikijipanga vizuri unapata njia hewa, kama wale wafanyakazi hewa wa payroll. Kwa hivyo nukta moja ikidaiwa na njia mbili wanazilinganisha, ile iko na nukta chache ama haikai vizuri kwa mkunjo inafutwa.