Nyumba ya marehemu: nani ana mamlaka ya kuuza?

SWALI: Mume wangu alifariki miezi mitatu iliyopita bila kuacha wosia. Hati ya nyumba ina jina lake peke yake. Mnunuzi amepatikana, anataka kulipa arbuni wiki hii, na shemeji zangu wote wameridhia. Nikiipokea nitakuwa nimekosea?
Mjane, mama wa watoto watatu

JIBU: Pole sana kwa msiba, mama. Usiipokee.

Kwa sasa hakuna mtu aliye hai mwenye mamlaka ya kutia saini mauzo ya nyumba hiyo. Mwenye jina ametangulia, na cheti cha ndoa kinakupa haki ya kurithi, hakikupi haki ya kuuza. Shemeji kuridhia ni heri kwa amani ya ukoo, lakini msajili wa ardhi hasomi muhtasari wa kikao cha ukoo. Anachotaka ni hati ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi. Ukila arbuni leo na hati ikachelewa, mnunuzi ataidai, na huenda imeshaishia kwenye ada za shule.

Anza na cheti cha kifo. Kibali cha mazishi hakitoshi. Omba nakala tano au sita zilizothibitishwa, maana mahakama, benki, bima, mfuko wa pensheni na ofisi ya ardhi kila mmoja atataka yake. Kisha, kabla hujaondoka dirishani, soma jina herufi kwa herufi. Hapa ndipo mafaili mengi hukwama. Hati ya nyumba inasema Hamisi Juma Saidi, kitambulisho kinasema Hamis J. Said, cheti cha kifo kinasema Hamisi Saidi: kwako ni mume mmoja, kwa karani ni watu watatu. Dawa ni hati ya kiapo inayoeleza kuwa majina hayo yote ni ya mtu huyo huyo, na iambatanishwe tangu mwanzo na ombi lako la kuteuliwa msimamizi wa mirathi. Jina likishakosewa kwenye amri ya mahakama, kulirekebisha kunahitaji ombi jingine.

Kwenye ombi taja warithi wote, pamoja na watoto wa nje ya ndoa kama wapo. Najua linauma. Lakini mrithi aliyefichwa ndiye anayekuja baadaye na wakili kuomba uteuzi ubatilishwe, wakati huo mnunuzi ameshaanza kujenga ukuta.

Baada ya hapo mahakama hutangaza ombi ili mwenye pingamizi ajitokeze. Muda hutofautiana kwa nchi. Nchini Kenya hata ukishateuliwa huruhusiwi kuuza ardhi wala nyumba mpaka uteuzi uthibitishwe, na kwa kawaida uthibitisho huombwa baada ya miezi 6. Tanzania, msimamizi aliyeteuliwa na Mahakama Kuu huwasilisha orodha ya mali ndani ya miezi 6 na hesabu ndani ya mwaka 1.

Watoto wako wakiwa chini ya umri wa utu uzima, muulize wakili mapema kama mauzo yanahitaji idhini ya mahakama. Mafungu yao si fedha zako, hata kama ni wewe unayewalisha.

Na mnunuzi? Mwambie ukweli. Akiwa na nia atasubiri. Asiyeweza kusubiri kabisa, mara nyingi amevutwa na bei ya mjane mwenye haraka.

SWALI: Hati yetu ina majina mawili, langu na la marehemu mke wangu. Bado nahitaji mirathi?
Mgane

JIBU: Inategemea maneno yaliyofuata baada ya majina. Pole, bwana, najua jibu hili halipendezi. Kuna umiliki wa pamoja usiogawanyika, ambapo mmoja akifa aliyebaki anakuwa mmiliki wa yote. Huo humalizwa kwa msajili: cheti cha kifo, hati yenyewe na fomu, jina la marehemu linafutwa. Kuna umiliki wa mafungu, kwa mfano nusu kwa nusu. Hapo nusu ya mkeo inaingia kwenye mirathi, na huwezi kuuza nyumba nzima bila msimamizi wa nusu hiyo. Usitegemee fotokopi ya kabatini. Lipia upekuzi kwenye daftari la ardhi. Utaonyesha pia kama kuna zuio au rehani.

Ikiwa kuna rehani, tafuta mkataba wa mkopo na usome ukurasa wa bima. Mikopo mingi ya nyumba huambatana na bima ya maisha inayolipa deni lililobaki mkopaji akifa, na familia huendelea kulipa kwa miaka kwa sababu hakuna aliyeuliza. Dai kwa maandishi, ila usisitishe marejesho mpaka upate jibu.

SWALI: Nyumba iko tupu tukisubiri mahakama. Kuna la kufanya?

JIBU: Iandikie kampuni ya bima leo. Mikataba mingi hupunguza au kufuta kinga nyumba ikikaa bila mtu siku 30 au 60. Funga maji kwenye valvu kuu, na msigawane vyombo kabla havijaorodheshwa.

SWALI: Tumeuza. Mimi ndiye msimamizi. Nagawaje?

JIBU: Fedha ziingie kwenye akaunti ya mirathi, si yako. Tuseme bei ni 100. Gharama za mazishi na za mahakama 6, deni la benki 30, wakili na dalali 5, kodi 4: kinachogawanywa ni 55, si 100. Msimamizi akigawa kabla ya kulipa madeni, mdai anaweza kumfuata yeye binafsi. Tunza pia ripoti ya mthamini ya thamani ya siku ya kifo, kwani baadhi ya nchi, Marekani ikiwemo, huhesabu faida ya mauzo kuanzia thamani hiyo. Kila mrithi asaini kiasi alichopokea, na saini hizo ziambatane na hesabu unazopeleka mahakamani.