Maswali ya Wasomaji: Nyaraka za Waosage na Sheria za Bunge la Marekani

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaandika tasnifu kuhusu ardhi na madini ya wenyeji wa asili wa Marekani, na msimamizi wangu amenishauri nijikite kwa Waosage wa Oklahoma. Nimeona kwamba Bunge la Marekani liliwatungia sheria nyingi zilizowahusu wao peke yao. Je, nianze na sheria hizo au na nyaraka za mambo ya kabila, na nyaraka zenyewe zinahifadhiwa wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, anza na sheria, kwa kuwa kwa Waosage majalada mengi yalizaliwa na kifungu fulani cha sheria, na asiyekijua kifungu hicho ataisoma barua bila kuelewa kwa nini iliandikwa.

Mzizi wa yote ni sheria ya tarehe 28 Juni 1906. Waosage walikuwa na nguvu ya kujadiliana ambayo makabila mengi hayakuwa nayo, kwani eneo lao walikuwa wamelinunua katika miaka ya 1870 kwa fedha zilizotokana na kuuzwa kwa ardhi yao ya Kansas. Kwa hiyo, sheria ilipoigawa ardhi ya juu kwa watu 2,229 walioandikwa katika orodha ya kabila, takriban ekari 657 kwa kila mmoja, mafuta, gesi na madini yaliyokuwa chini yake yalibaki mali ya kabila zima, huku serikali kuu ikiwa mdhamini. Kila aliyeorodheshwa alipata fungu moja katika mapato hayo, na fungu hilo likaweza kurithiwa. Mpango huo uliwekewa muda wa miaka 25, ukaongezwa mwaka 1921, 1929 na 1938, hadi sheria ya mwaka 1978 ilipouondolea ukomo.

Sheria mbili za miaka ya 1920 zisome kwa utulivu zaidi. Ile ya mwaka 1921 ilimzuia mtu mzima asiye na cheti cha kuthibitisha uwezo wake wa kusimamia mali asipokee zaidi ya dola 1,000 kila robo mwaka kutoka katika fedha zake mwenyewe. Watu wengi, hasa wenye damu kamili ya Kiosage, waliwekewa walezi wa mali, na baadhi ya walezi hao waliwaibia. Katika miaka hiyo hiyo Waosage kadhaa waliuawa ili mafungu yao yarithiwe na watu wa nje. Nyumba moja katika mji wa Fairfax ililipuliwa kwa bomu mwezi Machi 1923, na halmashauri ya kabila ikaiomba serikali kuu ilete wapelelezi. William Hale, mfuga ng'ombe tajiri aliyejiita rafiki wa Waosage, alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1929. Katikati ya mkasa huo ilipitishwa sheria ya tarehe 27 Februari 1925, ambayo ilimzuia mtu asiye na damu ya wenyeji wa asili kurithi mali iliyowekewa masharti ya Mwosage mwenye nusu ya damu hiyo au zaidi, na kumnyima urithi yeyote aliyepatikana na hatia ya kumuua anayemrithi. Maneno yake ni makavu kabisa. Ndiyo maana yanapaswa kusomwa pamoja na majalada ya upelelezi wa wakati huo.

Nyaraka za ofisi ya serikali iliyowasimamia Waosage mjini Pawhuska zitafute katika tawi la Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka lililoko Fort Worth, Texas, ndani ya kundi namba 75, ambalo ni la Idara ya Masuala ya Wenyeji wa Marekani. Barua za makao makuu ziko Washington chini ya namba hiyo hiyo. Nyaraka za kamati za Seneti ziko katika kundi namba 46 na za Baraza la Wawakilishi katika kundi namba 233. Lakini karatasi binafsi za wabunge huhesabiwa kuwa mali yao, kwa hiyo hazimo humo: nyingi za wabunge wa Oklahoma ziko katika Kituo cha Carl Albert, Chuo Kikuu cha Oklahoma, mjini Norman. Watafiti wengi hukosea katika jambo moja, nalo ni mirathi. Sheria ya mwaka 1912 ilizipa mahakama za wilaya za Oklahoma mamlaka juu ya mirathi na walezi wa Waosage, hivyo atakayefungua majalada ya serikali kuu pekee atakosa hesabu za walezi, ambazo kwa maoni yangu ndizo zinazoeleza mengi kuliko hotuba yoyote ya bungeni.

SWALI: Je, mtu aliye nje ya Marekani anaweza kuzisoma nyaraka hizo, na je, zote ziko wazi?

JIBU: Maandishi ya sheria yanapatikana mtandaoni bila malipo, pamoja na orodha nyingi za watu zilizoandaliwa na ofisi za serikali kati ya 1885 na 1940. Nyaraka nyingi za kamati za Seneti hufunguliwa baada ya miaka 20 na za Baraza la Wawakilishi baada ya miaka 30, ila zile zenye taarifa nyeti za watu hufungwa kwa miaka 50. Unapoiandikia hifadhi, taja ofisi ya Osage, miaka unayoitaka, aina ya nyaraka na, ukiwa nayo, namba ya mtu katika orodha ya mgao, kwa sababu majina ya Kiosage yaliandikwa na makarani kwa tahajia tofauti tofauti.