Jibu: Kwa nini Michigan wajumbe 2, Minnesota 11?

Salaam ndugu. Umekwama hapa: kwenye kura za mchujo za Democratic 2024, kampeni ya kupinga sera ya Biden kuhusu Gaza, iliyowaomba watu wachague "sijajifunga kwa mgombea" badala ya Biden, ilipata kura zaidi ya 100,000 Michigan lakini wajumbe 2 tu wa mkutano mkuu unaomteua mgombea urais wa chama, ilhali Minnesota kura kama 45,000 zilileta 11.

Anza na asilimia, wingi wa kura uweke kando. Ili kupata wajumbe, kanuni ya chama inadai angalau asilimia 15, jimbo zima au ndani ya wilaya ya uchaguzi wa Bunge. Michigan walipata kama 13 jimbo zima, wakaambulia wajumbe wa wilaya tu, ikiwemo ile yenye Dearborn, mji wa Waarabu wengi. Minnesota walifika kama 19. Nilijitolea kupiga simu huku Minneapolis, jijini Minnesota, na muda mwingi ulikwenda kueleza kwamba kuweka alama kwenye "sijajifunga kwa mgombea" ni kura halali. Wazee wengi walidhani ni kuharibu karatasi.

Ila usipime nguvu yao kwa wajumbe pekee. Mkutano mkuu wa Chicago, Agosti 2024, waliomba Mmarekani mwenye asili ya Palestina ahutubie, wakanyimwa. Hilo liliniuma sana. Na upande wa pili, unaoiunga mkono Israel, una fedha: mfuko wa AIPAC, kundi la ushawishi la upande huo, ulitumia zaidi ya dola milioni 14 kumwangusha Jamaal Bowman, mbunge wa Democratic aliyeikosoa Israel, New York. Simu zetu za kujitolea hazifikii hapo.