Jibu: Harufu ya tina kutoka karakana ya samani, Tabora

Ndugu, nimekuelewa: unapuliza vanishi, majirani wanalalamikia harufu ya tina (kiyeyushio cha vanishi), na unataka kujenga kichujio cha mboji, yaani kitanda cha mboji ambamo bakteria hula mvuke huo hewa ikipita. Inawezekana, ila si kwa pipa moja.

Anza na hesabu. Feni ikivuta mita za ujazo 500 kwa saa, na hewa ikihitaji kukaa ndani ya kitanda cha mboji sekunde 60, unahitaji mita za ujazo 8.3: yaani shimo la mita 3 kwa 3, kina kama mita 1. Chini weka mabomba yenye matundu na kokoto, juu yake mboji iliyoiva ukiichanganya nusu kwa nusu na vipande vya magome. Maranda laini usiweke, yanashikana na hewa inatafuta mwanya wa pembeni.

Kinachoua vichujio vingi ni ukavu. Kiangazi cha Tabora, hasa Septemba na Oktoba, kitakukaushia bakteria upesi, tena hewa ya feni hukausha kuanzia inapoingilia, chini usikoona. Nyunyizia hewa maji kabla haijaingia. Chimbua kidogo, kamua konzi ya mboji: ishikane, idondoshe tone moja mawili. Ikichuruzika, umezidisha.

Weka pamba ya kuchuja ukungu wa vanishi kabla ya feni, la sivyo kitanda kitaziba. Subiri wiki 2 hadi 4 bakteria wazoee.

Feni iwe isiyotoa cheche. Mvuke wa tina hulipuka. Hapo mwite fundi umeme mwenye leseni. Na mpulizaji bado avae barakoa ya kaboni.