Straika ameumia na ligi bado haijaanza: mambo ya kuuliza kabla ya kukata tamaa

Ikifika Julai simu za mashabiki hazilali. Mmoja anatuma picha ya straika akitoka mazoezini na barafu gotini, mwingine anadakia na sauti ndefu kwamba ana habari za uhakika kutoka kambini, na kabla jua halijazama Mwanjelwa nzima, hapa Mbeya, inajua msimu umeisha wakati hata jezi mpya hazijatoka. Mimi ni wa Mbeya City tangu walipopanda Ligi Kuu msimu wa 2013/14 na kumaliza nafasi ya tatu, na kwa Ulaya nashabikia Liverpool. Presha hii naipata pande mbili, ndani ya wiki zilezile. Nimekaa nayo muda mrefu kiasi cha kujua maswali gani yanasaidia na yapi yanakuua bure.

Kwanza ujue kwamba majeruhi ni sehemu ya kazi ya mpira. UEFA, shirikisho la mpira la Ulaya, wamekuwa wakifuatilia majeraha kwenye klabu kubwa za Ulaya tangu 2001, na hesabu yao inaonyesha kikosi cha wachezaji 25 hupata majeraha kama 50 kwa msimu mmoja. Yaani kila mchezaji mara mbili. Hizo ni klabu zenye madaktari, viwanja safi na chakula cha kupimwa. Kwa hiyo ukisikia wawili wako nje kabla ya mechi ya kwanza, usianze kutafuta nani kairoga timu.

Swali langu la kwanza siku zote ni hili: nyuma yake yupo nani? Watu wanahesabu majeruhi kwa idadi, wanasema "tuna majeruhi wanne". Wanne wapi? Winga mmoja, kiungo mmoja, kipa wa tatu na beki wa kulia mwenye msaidizi mzuri, hapo timu inasukuma. Mabeki wa kati watatu peke yao ni balaa. Liverpool tuliliona hilo vizuri. Oktoba 2020 Virgil van Dijk aliumia goti kwenye mechi na Everton, Novemba akafuata Joe Gomez, na mwanzoni mwa mwaka Joël Matip naye akamaliza msimu wake. Viungo wakarudishwa kucheza beki. Tulikuwa mabingwa watetezi, tukamaliza wa tatu.

Sasa linganisha na Real Madrid, Agosti 2023. Kipa wao Thibaut Courtois alikata ligamenti ya goti, ile ACL, akiwa mazoezini. Siku mbili baadaye, kwenye mechi ya kwanza kabisa ya ligi, beki Éder Militão akakata ya kwake. Kule Hispania lazima vilio vilikuwa kama vya kwetu. Lakini dirisha la usajili lilikuwa bado wazi, wakamchukua Kepa kwa mkopo ndani ya siku chache, na Andriy Lunin akakua mbele ya macho yetu. Msimu ule walibeba ligi, na tarehe 1 Juni 2024 wakabeba na Ligi ya Mabingwa, Courtois mwenyewe akiwa golini siku ya fainali.

Ndiyo maana nasema jambo ambalo vijiweni wengi hawapendi kulisikia: kama mchezaji lazima aumie, bora aumie kabla ya ligi kuanza. Dirisha likiwa wazi viongozi wana nafasi ya kuziba pengo. Akiumia Oktoba, unasubiri hadi dirisha dogo la katikati ya msimu huku pointi zinapotea. Kwa timu zetu za mikoani hili lina uzito zaidi, maana Mbeya City au Prisons hawana fedha ya kuweka wachezaji wawili wenye uwezo sawa kila namba. Kwa hiyo Julai, badala ya kumlilia aliyeumia, wabane viongozi wa tawi lako waulize klabu: namba yake nani anacheza, na kama hayupo, usajili umefikia wapi?

Swali la pili ni aina ya jeraha. "Kaumia mguu" si habari. Enka iliyoteguka kidogo inaweza kupona wiki moja hadi tatu. Nyama za paja ni suala la siku chache au miezi kadhaa, kutegemea zimevutika tu au zimechanika. ACL, hapo sahau mwaka: miezi tisa ndiyo kiwango cha chini cha busara, na anayerudi kabla ya hapo anajiweka kwenye hatari kubwa ya kuumia goti lilelile upya.

Mambo ya goti nimeyaona nyumbani. Mdogo wangu alikuwa winga wa timu ya mtaa huku Uyole. Kwenye mechi ya ndondo aliruka mpira wa kichwa, akatua mguu mmoja, goti likajizungusha. Waliokuwa karibu walisikia mlio. Jioni hiyohiyo goti lilikuwa limejaa, shimo la pembeni ya kifuniko halionekani tena. Wakaja watu na maji ya moto yenye chumvi, na mzee mmoja hodari wa kuchua akaanza kulikanda, naye kijana anauma shuka. Nia yao ilikuwa njema. Ila siku mbili tatu za mwanzo jeraha la namna hiyo halitaki joto wala kukandwa, kwa sababu vyote viwili vinaongeza uvimbe. Linataka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, bandeji ya kubana kiasi, mguu uinuliwe, mtu atulie.

Alipopelekwa hospitali akapigwa eksirei, jibu likaja mifupa mizima. Mtaa ukapumua. Hapo ndipo wengi wanapopotea, maana eksirei inaonyesha mifupa, ligamenti haionekani. Inahitaji daktari mzoefu alishike goti na kulivuta, au kipimo cha MRI. Uvimbe ulipopungua akaanza kutembea vizuri, isipokuwa goti lilikuwa linamkimbia akishuka ngazi. Viongozi wa timu wakaja nyumbani, nusu fainali iko karibu.

"Shikamoo mama, tumekuja kumwona mchezaji wetu."

"Marahaba wanangu. Karibuni. Mkitaka acheze, njooni na karatasi ya daktari."

Karatasi haikupatikana, na MRI ilipofanyika baadaye ikaonyesha ligamenti imekatika. Mama yangu hajui hata kuotea ni nini, lakini siku ile aliokoa goti la mwanawe kuliko sisi sote tunaojiita watu wa mpira. Ukiwa na kijana anacheza, shika dalili hizo tatu: mlio wakati wa kuumia, uvimbe mkubwa ndani ya saa chache, na goti kumkimbia. Hata akitembea vizuri, mpeleke apimwe.

Tangu hapo nikisikia klabu imempeleka mchezaji kwenye vipimo, natulia mpaka majibu yatoke. Sauti za WhatsApp siruhusu zinipangie usingizi. Na mkeka wa kubeti mechi za mwanzo wa msimu, wakati hakuna anayejua nani yuko fiti, uache kabisa. Hela ya ada ya mtoto haiwekwi kwenye paja la mtu usiyemjua linaendeleaje.

Jeraha ninaloliogopa zaidi kipindi cha maandalizi ni hilohilo la nyama za paja, zile za nyuma. Kwenye takwimu za UEFA lilikuwa asilimia 12 ya majeraha yote msimu wa 2001/02, na msimu wa 2021/22 likafika asilimia 24. Ubaya wake ni kurudi. Karibu moja kati ya matano ni jeraha la zamani lililorudi, na mengi ya hayo hutokea ndani ya miezi miwili baada ya mchezaji kurejea uwanjani. Kwa hiyo habari ya "amerudi mazoezini" ipokee kwa furaha, kisha hesabu miezi miwili kabla ya kuanza kumdai mabao.

Na baridi yetu iingie kwenye hesabu. Juni na Julai, Mbeya usiku inashuka chini ya nyuzi 10, asubuhi wachezaji wanatoka wakiwa wamejikunja. Mvua zimekatika tangu Mei, viwanja vingi vya mtaani vimekauka. Mtu katoka likizo, mwili umelala, anaingizwa kwenye mbio kali siku ya kwanza: msuli unachanika. FIFA wana mazoezi yao ya kupasha mwili yanayoitwa 11+, ya dakika kama 20, hayahitaji kifaa chochote zaidi ya mpira. Timu zinazoyafanya kwa uaminifu angalau mara mbili kwa wiki zimeonekana kupunguza majeraha kwa kama theluthi moja. Hata timu ya mtaa inaweza kuyafanya.

Kuna jambo moja linaniuma pale uwanja wa Sokoine. Mchezaji aliyetoka kuuguza jeraha anaingizwa dakika ya 70 kwenye mechi ya kirafiki, anakwepa mgongano mmoja, na jukwaa zima linapiga kelele "mwoga huyo, mtoe!" Jamani, mwalimu kamwambia acheze dakika 20 za kuuzoesha mguu. Tukimzomea atauingia mpira unaofuata kwa hasira, na gharama yake tutailipa sisi Septemba. Siku ya kirafiki mtazame anavyogeuka, anavyokimbia kwa kasi halafu kusimama ghafla, kama anashika paja baada ya kupiga krosi. Mtazame pia aliyecheza nafasi yake kipindi cha kwanza, kwa sababu huyo ndiye mnayeanza naye ligi.

Kwa wenye timu za mtaa: kabla ya kuchangishana jezi mpya mwaka huu, tengeni fedha ya sanduku la kutunzia barafu, bandeji pana za kuvuta tatu au nne, na nauli ya kumfikisha mtu hospitali jioni ileile aliyoumia. Mchagueni mmoja wenu awe mshika sanduku, asiwe kocha wala nahodha, na mumpe mamlaka ya kusema "huyu harudi leo" bila mtu kumbishia.