Goti lenye tege: bamba la ndani au fremu ya nje?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mume wangu ana miaka 49, ni mvuvi. Goti lake la kushoto limesagika upande wa ndani na mguu umefanya tege. Daktari wa mifupa anashauri muundi ukatwe na kunyooshwa, kisha ushikwe kwa bamba la ndani au fremu ya nje. Tuchague ipi? – Mama Zaituni, Ujiji

JIBU: Marahaba, Mama Zaituni. Kama tege si kubwa sana na mfupa haujawahi kutunga usaha, chagueni bamba, yaani kipande cha chuma kinachofungwa kwa skrubu kwenye mfupa, chini ya ngozi. Fremu, yaani vyuma vinavyokaa nje ya ngozi vikishikwa na pini zilizopenya hadi mfupani, inadai kliniki na eksirei za mara kwa mara. Upasuaji ukifanyika Hospitali ya Bugando, Mwanza, safari hizo zitawachosha na kuwamaliza mfuko.

Kwa bamba, muundi hukatwa chini kidogo ya goti kutokea ndani, ila hauachanishwi wote: upande wa nje hubaki takribani sentimita 1, iwe bawaba. Pengo hufunguliwa kwa milimita zilizopimwa kwenye eksirei ya mguu mzima, nyonga hadi kifundo, mgonjwa akiwa amesimama. Ulizeni kama skrubu zinajifunga kwenye bamba lenyewe. Zisizojifunga zikilegea, pengo hufumba na tege hurudi. Ulizeni pia, baada ya upasuaji, kama bawaba imepasuka, maana ikipasuka mfupa hukawia kuunga.

Wiki za kwanza atatembea kwa magongo, mguu ukibeba kilo 15 hadi 20 tu. Akanyage mizani mpaka isome 20, auzoee uzito huo. Uzito wote huruhusiwa kwenye wiki ya 6 hivi, eksirei ikiwa nzuri. Kama anavuta sigara, aache kabla ya kisu. Sigara huchelewesha mfupa kuunga.

Fremu inafaa tege kubwa au mfupa wenye historia ya usaha. Uzuri wake, pembe hurekebishwa hata baada ya upasuaji. Baada ya wiki moja hivi nati za fremu huanza kuzungushwa ili pengo lifunguke polepole, robo milimita mara 4 kwa siku. Wekeni alama ya kalamu kuonyesha upande wa kuzungushia. Fremu hukaa miezi kadhaa, na matundu ya pini hushika vijidudu upesi. Yasafishwe kama mlivyoelekezwa, wala asiingie ziwani.

Kwa njia yoyote, shavu la mguu likivimba, kifua kikibana, akishindwa kuinua wayo au maumivu yakizidi licha ya dawa, msisubiri tarehe ya kliniki: mpelekeni Hospitali ya Maweni, Kigoma, saa hiyo hiyo.